Kahawa Isiyo na Jirani

Enzi zile Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe, ukitaja notisi za Nolasco, mtoto yeyote wa darasa la saba kuanzia Nyakakika mpaka Murongo alijua unazungumzia nini. Zilikuwa karatasi za sayansi zilizochapwa kwa stensili, zenye wino uliopaka vidole na harufu iliyomfanya mtu apige chafya. Mwalimu Nolasco alizitunga, mkewe Sperancia akachora maua na mifupa, na kila Jumamosi wawili hao waliizungusha mashine ya shule kwa zamu, huyu akichoka anapokea yule.

Hawakuziuza hata siku moja. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto sitini, tena kikilala kabatini kwa mwalimu mkuu kama vyombo vya altare, kwa hiyo Nolasco aliona kuuza karatasi ni dhambi. Sharti lake lilikuwa dogo: ukinakili, mpe na mwenzako anakili. Basi notisi zikatembea kwa baiskeli, zikapanda malori ya ndizi, zikavuka vilima ambavyo mwenyewe hakuwahi kuvifikia. Mwaka mmoja alikuta nakala yake katika duka la Murongo, imekunjwakunjwa, na ndani yake mtu asiyemjua ameongeza wimbo wa kukariri sehemu za ua. Alicheka peke yake njia nzima ya kurudi. Mwaka uliofuata wimbo ule ukaingia kwenye stensili.

Sisi tuliosomea karatasi zile tukikutana leo tunaanza na wimbo kabla ya kuulizana watoto. Msitucheke. Kila kizazi kina ujana wake, na wa kwetu ulinuka wino.

Mwaka juzi, Nolasco akiwa amekwisha kustaafu na Sperancia akiwa amelala kaburini miaka sita, alifika Winston. Huyu darasani aliketi mbele kwa utundu, si kwa akili, lakini sasa anatengeneza programu za kompyuta Mwanza na anaheshimika. Alizipiga picha karatasi zote, akaziweka kwenye tovuti ya bure. Masharti yake yalikuwa manne: yeyote asome, yeyote anakili, yeyote atafsiri, na anayeona kosa alisahihishe. Anayesahihisha huandika jina lake na sababu, kisha badiliko humjia Mwalimu kwenye simu alikubali au alikatae. Maandishi ya zamani hayafutwi, hubaki chini yake, yakionekana na kila mtu.

Mwalimu hakupendezwa. Aliuliza itakuwaje kila mpita njia atie mkono katika chungu chake. Winston, kwa adabu zote, akamkumbusha wimbo wa Murongo, nao ulitiwa na mpita njia. Mzee akamwambia amwonyeshe pa kubonyeza.

Ikawa raha ya uzee wake. Asubuhi, chai ikiwa mkononi, anaketi barazani na kusoma nani kaongeza nini. Mwalimu mmoja wa ng'ambo ya mpaka aliugeuza mchoro wa moyo kuwa picha inayodunda. Mwingine aliandika majaribio yanayofanyika kwa chupa tupu na maharage. Kila picha mpya ilipofika aliinua kichwa kutaka kumwita Sperancia aje aone, kisha akakumbuka. Jambo hilo halikumzoea, wala yeye hakulizoea.

Halafu likaja badiliko kutoka kwa Mwalimu Shadya, binti wa wenye maduka pale Murongo, anayefundisha darasa la sita. Lilihusu somo la uchavushaji. Notisi zilisema mti wa kahawa hujichavusha wenyewe, hata mmoja ukiwa peke yake utazaa. Shadya aliandika kwamba hilo ni kweli kwa arabika ya milima ya kaskazini, lakini robusta yetu ya Kagera haijichavushi. Ni lazima ipate chavua ya mti mwingine. Akaomba notisi zisahihishwe, na jina lake likawa pale kwenye nafasi ya aliyegundua.

Kazi ya Mwalimu ilikuwa kubonyeza mara moja tu. Hakubonyeza. Aliiweka simu mezani, chai ikapoa.

Mwaka 1989, darasa la sita, msichana aitwaye Kokuhirwa alinyoosha mkono na kusema kwamba babu yake anasema kahawa iliyo peke yake haizai, inataka majirani. Nolasco alikuwa kijana, ana kitabu mkononi, na kitabu kilisema vingine. Akamjibu kwamba basi babu aje aandike kitabu chake. Darasa zima lilicheka. Mtoto akaketi, na mpaka anamaliza la saba hakuuliza wala kujibu tena bila kutajwa jina.

Na hilo lingesameheka, maana nani hajakosea. Lakini mwaka 1998 Nolasco alihudhuria semina ya wakulima, na bwana shamba akasema maneno yaleyale ya babu, neno kwa neno. Nolasco, mtoto wa Muleba aliyekulia ndani ya kibanja cha kahawa, alihisi uso ukimchoma. Alirudi nyumbani asimwambie hata Sperancia. Alijitetea moyoni kwamba stensili imekwisha kukatwa, na mtihani hauulizi robusta. Akaendelea kuifundisha karatasi ile miaka ishirini. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, naye aliuficha wake kwa chaki.

Sasa akikubali kimya, hakuna atakayejua, na heshima ya notisi za Nolasco itabaki palepale. Lakini aliyegundua hakuwa Shadya. Na jina la Kokuhirwa haliandikwi bila ruhusa ya Kokuhirwa, wala ruhusa haiombwi bila kusema yote. Siku tatu alizunguka na jambo hilo. Siku ya nne alikodi bodaboda mpaka Mabira, alikoolewa yule binti.

Alimkuta akianua maharage uani, mama wa makamo, mvi zimeanza. Kokuhirwa alimtambua tangu mbali, akafuta mikono kwenye kanga, akampigia goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akamwekea kiti, akamletea kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni, katika kikapu kidogo. Mwalimu hakuigusa. Alimweleza habari za tovuti, na za Shadya, akamkumbusha ule mwaka na kile kicheko. Kisha akasema lililomleta.

"Babu yako alikuwa sahihi. Nilikuja kujua mwaka tisini na nane, nikanyamaza. Nilikuonea haya, na mwenyewe nikajionea haya zaidi."

Kokuhirwa alichambua maharage mabovu, akayatupia kuku. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia ya wengine. Jioni ya siku ile, akasema, alimkuta babu Rwezaura ana miche mitatu, anataka kuizungushia kahawa moja iliyokuwa peke yake kando ya zizi. Yeye akamwambia aache, kitabu kinasema mmoja unatosha. Babu alifikiri kidogo, akasema mtoto amesoma, yeye hajasoma. Miche akampa jirani.

"Mti ule haukuzaa mpaka anakufa," akasema. "Na mimi nilikuwa nikimlaumu yeye kwamba hajui kuutunza."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Alikuja na kosa moja mfukoni, kumbe alipanda mawili. Machozi yalimtoka mbele ya mwanafunzi wake, asiyafute.

Baadaye Kokuhirwa akaomba aione hiyo simu. Mwalimu aliandika mbele yake, polepole, naye akisoma begani: limesahihishwa na Shadya wa Murongo, alilisema kwanza Kokuhirwa, mwaka 1989, alifundishwa na babu yake Rwezaura, alilikataa Mwalimu Nolasco, na akajua, na akanyamaza. Akamwuliza kama inafaa. Kokuhirwa akasema inafaa, ila somo lenyewe bado halijakamilika. Akauliza kama na yeye anaruhusiwa.

Mwalimu akampa simu. Aliandika kwa kidole kimoja, akifuta na kurudia, kwamba mvua kubwa ikinyesha siku ile maua yanapofunguka, chavua hulowa, na hata miti mia haitazaa vizuri mwaka huo. Nolasco alisoma mara mbili. Miaka arobaini ya kufundisha, na jambo hilo hakulijua.

Tovuti ikadai sababu, kama inavyowadai wote: umejuaje? Kokuhirwa alimtazama mwalimu wake, kisha akaandika mwenyewe, bila kumwuliza.

*Nimeona.*