Mwenye Kelele Katangulia

Mama Mapazia, kama wateja walivyomwita mtandaoni, alikuwa na sheria moja: aliyeagiza mwanzo hupelekewa mwanzo. Karatasi za oda alizichoma kwenye msumari ukutani, na hakuna aliyeruka foleni.

Asubuhi hiyo simu haikumpa nafasi hata ya kumeza mate. "Dada, pazia langu leo leo! Umelala? Nina wageni!" Huo ulikuwa ujumbe wa kumi na moja, na mteja mwenyewe aliagiza jana jioni tu.

Mama Mapazia akasonya. "Pazia ni chai, kwamba nichemshe tu?"

Lakini kelele zilimshinda. Akaliondoa mezani pazia la bibi mmoja aliyengoja siku sita bila kuuliza chochote, akashona la mwenye kelele, akalipiga pasi, akamkabidhi dereva wa pikipiki.

Baada ya saa moja dereva akapiga simu. "Mama, niko getini kwake. Kasafiri. Anasema nimwachie mlinzi, atalichukua wiki ijayo."

"Wiki ijayo! Na hao wageni?"

"Anasema nao ni wa wiki ijayo."

Damu ikamchemka. Akamwandikia mteja tusi zito, la nguoni. Kabla hajalituma, ukaingia ujumbe wa yule bibi: "Mwanangu, najua kazi ni nyingi. Jua linampiga mgonjwa wangu usoni, ila nimetundika shuka dirishani. Ukipata nafasi."

Mama Mapazia akalisoma upya lile tusi. Lilimfaa yeye mwenyewe, neno kwa neno.