Lumbesa Kwenye Karasha

Sina subira na mtu anayeiita mashine mvivu kabla hajaifungua. Ndiyo maana siku ile nilifika kwenye karasha la kina mama, nje kidogo ya Kahama, nikiwa nimeshanuna. Mwenyekiti wao alikuwa ameniambia kwa simu kwamba mota yao mpya ni goigoi, na mnunuzi kutoka Geita ameshafika na gari la kubeba karasha zima. Nikamwambia asikubali chochote mpaka nifike.

Nilimkuta mnunuzi kivulini, mzee mpole tu, anangoja nishindwe. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikavaa glovu.

Karasha lao ni pipa kubwa la chuma linalozunguka na gololi ndani, kusaga mawe ya dhahabu. Zamani lilizungushwa na injini ya dizeli. Kina mama wakachanga, wakaiondoa, wakafunga mota ya umeme, giaboksi na draivu, yaani boksi linalopanga mwendo wa mota na kuilinda. Tangu hapo, kila wakijaza mawe, pipa linazunguka kidogo, draivu inaandika ovalodi, yaani mzigo umezidi, kisha kimya. Wachimbaji wakaanza kupeleka mawe kwingine. Karasha likiondoka, kikundi kimekufa; kila mmoja anarudi kuponda mawe kwa nyundo juani. Mwenyekiti alinieleza hayo bila kunitazama, maana ni yeye aliyewashawishi wenzake waachane na dizeli.

Nikaanza na draivu. Fundi aliyenitangulia alikuwa amepandisha kikomo cha umeme wa mota ili isijizime. Jamani! Huko si kumtibu mgonjwa, ni kumziba mdomo asilalamike. Mota ilishaanza kunuka vanishi ya nyaya inayoungua. Nikarudisha namba kama ilivyo kwenye kibati cha mota. Nikaachanisha mota na giaboksi, nikawasha. Ikazunguka laini kabisa. Basi nikaapa kwamba mchawi ni giaboksi. Nikamwaga oili, ikatoka safi, haina hata chenga ya chuma. Nikazungusha shafti kwa mkono, haikukwama. Nikaunganisha tena, tukazungusha pipa na gololi peke yake, draivu haikusema kitu. Nikakosa wa kumlaumu, na hilo huniudhi kuliko yote.

Nikawaambia wajaze mawe kama kawaida yao. Ndipo nikayatazama magunia. Lumbesa! Kila gunia lina nundu juu, imeshonewa kwa kamba, kama viazi vinavyokwenda sokoni. Bei ni ya gunia, kwa hiyo mchimbaji anashindilia, na kina mama wanahesabu gunia ni gunia, pipa linabebeshwa zaidi ya kipimo chake. Dizeli ilikuwa inakoroma na kuvumilia. Draivu haioni haya kukataa.

Mwenyekiti alielewa upesi. Kilichomtisha sasa hakikuwa mashine, bali kumwambia mteja, mbele ya foleni nzima, kwamba nundu yake haiingii. Huku kumpunguzia mtu mzigo aliokuletea ni sawa na kumfukuza.

Mchimbaji wa kwanza alipoambiwa alicheka, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, mzigo mzito mpe Mnyamwezi."

Mnyamwezi mwenyewe ni mimi. Nikamjibu kwamba mota hii si ya ukoo wetu, na foleni ikaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alichukua kisu, akakata kamba, akaimwaga nundu kwenye ndoo, akampa mwenyewe kwa mikono miwili. Yule mchimbaji akaitazama ndoo, akatazama barabara iendayo kwa washindani. Tukangoja. Mwisho akaiweka ndoo chini, akamwambia aendelee, mawe yaliyobaki atayajazia gunia lingine.

Tukawasha. Namba kwenye draivu ikapanda, ikapanda, roho ikanipanda nayo, kisha ikatulia chini ya kikomo. Pipa likaendelea kunguruma mpaka mawe yakawa unga, na wa pili kwenye foleni akaanza kukata kamba ya gunia lake mwenyewe. Nilifurahi, nasema kweli, machozi yakanilenga.

Mnunuzi akainuka, akapangusa suruali, akauliza kwa upole kama aanze kufungua bolti.

Mwenyekiti akamsogezea kiti karibu na jiko.

"Baba, chai ipo," akasema. "Mashine haiuzwi."