Mvua ya Siku Moja Usiigawe Tatu

Nakumbuka siku ile niliyorudi kutoka mnada wa Iguguno, mwanangu, na hadi leo uso unaniwaka. Biashara ya mazao ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu, malori ya watu binafsi yakigombania alizeti kama kunguru na kifaranga. Mimi, wa darasa la nne tu, ndiye niliyekabidhiwa kipimo cha mvua pale kwetu Unyambwa. Kila asubuhi nipime, niandike, nimwage. Nilijivuna! Lakini alizeti ikaniita, nikaondoka siku tatu.

Niliporudi nikakuta maji kwenye kipimo. Nikayagawa mafungu matatu sawasawa, kila siku fungu lake. Daftari likapendeza.

Mama mkwe wangu hakujua kusoma. Akasema, "Nisomee." Nikamsomea. Akatema mate.

"Mkamwana, mvua ilimwagika Jumanne peke yake, ikafukua uwele wangu wote. Jumatano na Alhamisi halikudondoka hata tone. Hiyo ya kugawana uliyoandika ilinyesha kwa mama yako? Ungeacha pengo ningekuita mvivu. Sasa nakuita mwongo."

Nikafuta, nikaandika: sikuwepo.

Sasa juzi mjukuu wangu kaja likizo. Anafanya kazi kwenye kompyuta za kutabiri mvua, na mimi nimemtangaza mtaa mzima, sifichi. Ananiambia, "Bibi, kwenye utabiri wake mashine inainyeshea Singida manyunyu karibu kila siku. Tunapunguza mvua hapa, tunaongeza pale, mpaka jumla ya msimu ilingane na mvua iliyopimwa."

"Na siku zenyewe?"

"Siku bado hazijakaa sawa, ila jumla imekubali. Wakubwa wanataka utabiri utoke kabla watu hawajapanda."

Nikasimama bila fimbo. "Wakubwa wako wanalima wapi? Jumla inaota? Mkulima wa Kintinku akisikia manyunyu anafukia mbegu yake ya mwisho. Jua likikaa wiki mbili, watoto wake watakula jumla yenu?"

 

Nawe pia, mwanangu uliyeshika mashine hizo, njia ya mwongo ni fupi. Upepo wa kaskazi ukituletea mawingu, mashine yako ijue siku ya kumwaga na siku ya kukausha. Irekebishe hapo, usiipake poda. Ukishindwa, sema hujui. Mkulima amezoea kuishi na "sijui". Uongo ndio unaommaliza.

Mungu akupe uso usioogopa wakubwa, na mbegu za watu ziote kwa neno lako.