Sekunde Kumi za Robi

Saa yenyewe Robi aliinunua mjini Bomani, zile za mkononi zinazounganishwa na simu. Nyangi, mama mwenye nyumba, alipouliza, akaambiwa ni ya kuhesabu hatua, na mama wa watu akacheka mpaka akashika ubavu, maana tangu lini mtu wa kijijini Susuni akaishiwa hatua? Ukweli ni kwamba Robi alikuwa na kifafa. Dawa alizificha kwenye kopo la mbegu za mchicha, na saa ilikuwa ya kumkumbusha asubuhi na jioni bila kelele.

Nyangi alikuwa mjane aliyezaa mabinti watupu. Kwa desturi ya Wakurya ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake, alitoa ng'ombe akamwoa Robi, ili amzalie watoto wa kuishika nyumba. Robi akamzaa Waitara, sasa ana mwaka na kidogo. Mtoto ni wa nyumba ya Nyangi. Ugonjwa ukijulikana na Robi akarudishwa kwao, ataondoka mikono mitupu, na hofu hiyo ilimla usiku na mchana.

Ikabaki kuamua saa itetemeke kwa muda gani. Fundi simu aliiweka itetemeke mpaka izimwe. Siku ya kwanza tu ikagonga beseni la bati Robi akiosha vyombo, Nyangi akauliza hao nyuki wako wapi. Robi akapunguza hadi dakika moja, kisha nusu, na bado Nyangi aligeuza shingo. Mwisho akaweka sekunde kumi, akajiona mjanja. Jamani, sekunde kumi! Mkono ulioshika jembe hutetemeka wenyewe. Utajuaje mtetemo upi ni wa jembe na upi ni wa saa? Siku nyingine dawa ikawa inampita, naye akajidanganya kwamba haina neno.

Jioni moja alikuwa jikoni anasonga ugali, Waitara mgongoni. Saa ilitetemeka ikanyamaza, naye hakuisikia. Akaanguka, na sufuria ikamfuata. Nyangi alikuwa uani anachambua maharage. Aliingia mbio, akamvuta Robi mbali na moto, akamfungua mtoto kwenye khanga. Mkono mdogo wa kulia ulikuwa umeshaungua.

Zahanati waliufunga mkono, wakasema vidole viwili huenda visikunjuke tena. Walipomuuliza Robi, akaeleza yote, Nyangi akisikia. Walipofika nyumbani Nyangi akaketi karibu naye.

"Uliogopa nini, mwanangu?"

"Niliogopa utanirudisha kwetu, Mama, nimwache mtoto."

"Ungeniambia tu. Mimi niko hapa asubuhi na jioni. Ningekukumbusha mwenyewe."

Robi alilia kuliko alivyowahi kulia. Afadhali angefukuzwa, angepata wa kumlaumu.

Nyangi hakumfukuza. Ila alimchukua Waitara, akamfunga kwenye mgongo wake mwenyewe uliokwisha pinda, akasema tangu leo atalala kwake, na Robi asimbebe tena. Robi akaitikia, kwa sababu hata yeye hakuwa akijiamini.

Siku hizi Waitara akimjia na kunyoosha mikono, mmoja mzima na mwingine umekunjamana, Robi huketi kwanza, chini kabisa kwenye udongo. Ndipo humpokea.