Mlango wa Kubamizwa

Fundi Pima hakujua kutengeneza mlango wenye kelele. Tumekuwa karakana moja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, yeye seremala, mimi wa kupaka vanishi, na milango yake hufunga kimya kimya utadhani inaogopa kumwamsha mtoto. Mwanawe wa pekee, anayeuza simu mchana na kuigiza jioni, alipopewa nafasi ya mtoto katika tamthilia ya majonzi, baba mtu akaombwa atengeneze mlango wa jukwaani, wa kubamizwa. Akautengeneza, na haukutoa hata mlio. Mwongozaji akabaki ameshika kiuno. Tukacheka, tukaanza kuuharibu kwa makusudi.

Tulikuwa tunalegeza bawaba, mazoezi yakiendelea. Tamthilia yenyewe ni ya kijana anayegundua kwamba baba yake alikosea kazini akamwachia mwenzake abebe lawama. Kijana anasema, "Nilikuwa najivunia jina lako, baba. Leo nalionea haya." Kisha anatoka, na mlango unabamizwa.

Nikamgeukia Pima nimtanie. Alikuwa ameshika bisibisi, mkono hauendi, uso umemshuka. Nilijua sababu, maana alinisimulia mara moja tu, siku tuliyomzika mkewe. Zamani, katika kiwanda alichoanzia, ngazi aliyoifunga yeye ilikatika na mteja akavunjika mguu. Bosi alipouliza nani aliifunga, Pima akanyamaza. Akafukuzwa msaidizi wake, ambaye kazi yake ilikuwa kushika mbao tu, na hakuna fundi aliyemchukua tena.

Nikamwambia, ndugu yangu, funika kombe mwanaharamu apite. Akasema mtoto amemwekea kiti cha mbele, na hawezi kukikalia roho ikimsuta.

Basi siku moja kabla ya onyesho alimwita mwanawe karakana akamwambia yote. Mimi nilikuwa kwenye kona napiga msasa meza ambayo ilishalainika zamani. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Na kile kioo cha jirani?"

Kijana alipokuwa mdogo alivunja kioo cha jirani kwa mpira, na hakuna aliyemwona. Baba yake alimvalisha shati safi, akamshika mkono, akampeleka kukiri mwenyewe. Njia nzima mtoto analia, baba anamwambia katika nyumba yao kosa halifichwi. Kijana alikua akiwasimulia watu kisa hicho kwa majivuno, mpaka sisi tukakichoka.

Akatoka. Mlango wa karakana akaufunga polepole, kama anayetoka chumba cha mgonjwa. Afadhali angeubamiza.

Siku ya onyesho kiti cha mbele kilikaa kitupu. Tulisimama nyuma kabisa, mimi na yeye. Kijana alipofika kwenye yale maneno ya kumwonea baba haya, aliyasema akikitazama kile kiti kitupu, watu wakadhani ni ufundi wa kuigiza. Mlango ulipobamizwa ukumbi mzima ulishtuka, na Pima, aliyeuharibu kwa mikono yake, alishtuka kuliko wote. Nilimwonea huruma. Alikosa, sikatai, lakini mtu anayejishtaki mwenyewe kwa mwanawe si mwoga tena.

Asubuhi kijana akaja karakana. Hakumwamkia baba yake, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Yule msaidizi wako anakaa wapi?"

"Mtaa wa nyuma ya stendi," akasema Pima. "Naujua vizuri. Miaka yote nazunguka nisiupite."

Kijana akatoa shati kwenye mfuko, limepigwa pasi. "Basi vaa hili, baba. Twende."

Pima akavua koti la kazi. Vifungo vilimshinda, na kijana akamtazama tu bila kumsaidia. Wakatoka, mtoto mbele, mzee nyuma. Nilisimama mlangoni na brashi yangu mkononi ikidondosha vanishi sakafuni. Walipofika kwenye kona kijana akasimama, bila kugeuka, akamngoja baba yake amfikie.