Kipochi chenye Bitana

Wateja walimwita Fundi, majirani wakafuata, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu. Alishonea kwenye chumba kimoja cha duka kilichotazamana na kituo cha mafuta. Alikuwa na cherehani mbili, moja ya kazi na nyingine ya kunyofolewa vipuri. Sifa yake kubwa ilikuwa macho. Mteja akisimama mlangoni, kabla hajapiga hodi, Fundi ameshajua kiuno chake ni inchi ngapi, na ameshajua pia kama atalipa siku ya kuchukua nguo au ataleta hadithi. Futi aliivaa shingoni kwa ajili ya heshima.

Mumewe alikuwa mtunza bohari kwenye kiwanda cha rangi. Huko walimwita Komeo, kwa sababu kwa miaka ishirini hakuna kopo lililotoka bila saini. "Kazini komeo, nyumbani mlango wazi," Fundi alizoea kusema, maana mshahara wa mumewe ulikuwa unatoka bila saini ya mtu yeyote. Mwenzake akifiwa, Komeo yumo. Jirani akikwama na bili ya maji, Komeo yumo.

Siku aliyorudi na bahasha ya kiwanda mkononi, alianza kupiga kelele akiwa bado getini.

"Siku nne baharini! Wafanyakazi wa miaka mingi tumepigiwa kura ya bahati, nimeibuka mimi. Meli ya kitalii, watu wanne. Chakula bure, malazi bure, muziki bure. Mama naye anakwenda!"

"Na pesa ya matumizi?" Fundi aliuliza.

"Matumizi gani tena, mke wangu? Nimekwambia bure."

Fundi aliigeuza karatasi. Chini kabisa, kwa herufi ndogondogo, paliandikwa kwamba vinywaji, picha, matembezi ya nchi kavu na bahshishi ni juu ya msafiri mwenyewe.

"Hapa wameandika sisimizi," alisema, "na wameandika bei."

Ilibidi apange yeye. Alipanga kama anavyokata kitambaa, kila mtu na kipimo chake. Binti yao wa miaka kumi na miwili alimpimia soda mbili kwa siku, picha moja, na kitu kimoja cha kuwatambia wenzake shuleni. Mumewe alimpimia kidogo kuliko wote, kwa kuwa alijua kila atakayeketi karibu naye atanyweshwa. Yeye mwenyewe alijipimia karibu na sifuri. Kwa mama mkwe hakuhitaji hata kupima. Pesa ikiingia mkononi mwa mama mkwe ilikuwa imehamia huko moja kwa moja.

"Mama bado ana chenji ya harusi yetu," Komeo alitania, na mama yake akajibu kutoka chumbani, "Ipo. Na wewe usiitamani."

Fundi akashona vipochi vinne kwa mabaki ya mapazia, vya kuning'iniza shingoni, kila kimoja na kamba yake, na ndani bitana safi ya kitambaa cha pili. Katika kimoja kati ya hivyo aliweka jambo ambalo hakumwambia mtu.

Jambo hilo lilikuwa kodi ya duka. Ilikuwa imelimbikizana miezi minne. Mwenye nyumba alikuwa amesafiri, lakini kabla ya kuondoka alisema wazi kwamba atarudi Jumatatu, saa sita mchana anataka pesa zote mkononi, la sivyo anaweka kufuli lake. Tayari kulikuwa na mama mmoja muuza simu aliyekuja mara mbili kupima kuta kwa hatua za miguu. Fundi alikuwa ameshazipata, noti kubwa kumi na mbili, matunda ya sare za kwaya tatu alizoshona mpaka vidole vikafa ganzi. Meli ilikuwa inaondoka Alhamisi na kurudi Jumapili. Angeziacha wapi? Benki ilikuwa inamdai mkopo wa cherehani, pesa ikiingia tu inamezwa. Namba ya siri ya simu yake mumewe aliijua. Nyumbani angebaki shemeji yake, ambaye vidole vyake vilitembea hata mwenyewe akiwa amelala.

Na mumewe? Mwaka uliopita alimwambia mumewe, "Kodi iko kabatini." Komeo akamwazima mwenzake wa kiwandani kwa siku mbili. Siku mbili zikazaa miezi minne, na hiyo ndiyo miezi aliyokuwa akidaiwa.

Basi akazinyoosha noti kwa pasi ya uvuguvugu, akazilaza katikati ya kitambaa na bitana, akashona kwa mshono mdogo usioonekana. Kipochi hicho akampa mama mkwe, na sarafu chache juu yake. Hapakuwa na sefu nzuri kama kifua cha yule mama. Hakumwambia pia, kwa kuwa alichokijua mama mkwe asubuhi, mwanawe alikijua jioni.

Walipopanda meli, mpango wa vipochi ulivunjika dakika ya kwanza. Kijana wa mapokezi, mwenye tai na tabasamu la kuazima, alitikisa kichwa.

"Samahani, mama. Humu ndani hatupokei pesa taslimu dukani wala kwenye vinywaji. Mnaweka amana hapa, tunawapa kadi, kila mnachonunua kinakatwa humo."

"Kadi ngapi?"

"Moja kwa chumba."

Vipochi vitatu vikakamuliwa juu ya kaunta, vipimo vyote vikachanganyika kuwa rundo moja, na kadi ikaingia mkononi mwa aliyekuwa karibu zaidi na kaunta, yaani Komeo. Mama mkwe peke yake alishika kifua chake kwa mikono miwili.

"Yangu haiingii kwenye kadi. Kadi ina mdomo wa kula, haina mdomo wa kusema imekula kiasi gani."

Fundi alishusha pumzi. Angeweza kumbusu.

Watu wengine walitazama bahari. Fundi alitazama risiti. Soda ilikuwa mara nne ya bei ya mtaani. Picha zilibandikwa ukutani karibu na ukumbi wa chakula, nyuso zao zikicheka, na kila uso ulikuwa na bei. Komeo alikaa kwenye meza ya watu asiowajua akapeperusha kadi kama feni. "Hii kitu haiishi!" alisema, na wale watu wakamwita kaka mkubwa.

Kila baada ya saa moja Fundi alimsogelea mama mkwe, akajifanya anamweka sawa mtandio, ili tu ageuze vidole chini yake na kugusa ule ugumu wa bitana.

"Mbona unanipapasa kama askari wa mpakani?" mama mkwe alimuuliza siku ya kwanza.

"Upepo, mama. Usije ukapata kifua."

"Kifua ninacho miaka sabini. Niache."

Siku ya pili mawimbi yalipanda, mama mkwe akashikwa na kichefuchefu. Fundi hakuwepo. Alikuwa mapokezi, anabishana juu ya picha sita zilizokatwa kwenye kadi, ambazo binti alisema ni baba aliyeziruhusu. Aliporudi baada ya saa nzima alimkuta mama mkwe amelala, uso umepoa, na mhudumu wa vyumba, msichana mwembamba wa aproni ya kijivu, anatoka na beseni. Alimshukuru haraka haraka, akaingia kuangalia risiti. Tangu hapo mama mkwe alikataa katakata kuguswa mtandio, akiufunga mwenyewe chini ya kidevu. Fundi akaona ni ugonjwa, akamwacha.

Jumapili asubuhi meli ilikuwa imeshatia nanga. Mabegi yalikuwa mlangoni, abiria wa ghorofa za juu wameanza kushuka. Fundi alimfungia mama mkwe vifungo vya gauni, na alipofika shingoni mikono yake ikasimama. Hapakuwa na kamba.

"Mama, kipochi kiko wapi?"

"Nimempa yule binti wa vyumba."

"Chote?"

"Wewe, kuna mtu anatoa nusu kipochi?" Mama mkwe akakaa vizuri kitandani. "Siku ile nilitapika mpaka nikaona kaburi. Yule mtoto alinishika paji la uso, akaniosha mpaka miguu. Hakuna aliyenishika hivyo tangu marehemu babaenu. Nikavua nikampa. Tena nilijisikia vizuri."

Alisema hayo kwa aibu kidogo, kama mtu aliyeonja kitu kitamu ukubwani. Fundi alikuwa ameshatoka.

Korido ilikuwa ndefu, milango yake yote imefanana, mashuka machafu yamerundikwa nje ya kila chumba. Alichungulia cha kwanza, cha tano, cha kumi. Kichwani aliona kufuli jipya na yule muuza simu akipanga vioo vyake mahali pa cherehani. Akamkuta mhudumu kwenye chumba cha mwisho, anavua foronya. Kipochi kilikuwa shingoni mwake.

"Umesahau kitu, mama?"

"Hicho kipochi," Fundi alisema, akahema.

Msichana akakishika, akatabasamu. "Sarafu niliweka kwenye bahshishi ya pamoja, ndiyo sheria yetu. Hiki nikabaki nacho, naweka funguo. Kimeshonwa vizuri."

"Nilishona mimi."

"Basi Mungu akuzidishie."

Fundi alitamani sakafu impokee. "Ndani ya bitana," alisema, "kuna kitu changu. Mama hakujua."

Tabasamu la msichana halikuondoka mara moja. Lilififia polepole. Alivua kamba, akatoa funguo, akamkabidhi kipochi. Kwenye toroli lake kulikuwa na mkasi mdogo, akautoa huo pia. Fundi akafumua. Noti zikatoka moja moja, bado zimenyooka, mpaka ya kumi na mbili.

"Siku mbili nimelala nazo," msichana alisema, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Ni mshahara wangu wa miezi mitatu."

Kivuli kiliingia mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama, ameshika fremu, na nyuma yake Komeo na begi kila mkono.

"Nilimpa kwa mkono wangu," mama mkwe alisema. "Unamnyang'anya?"

"Mama, ni kodi ya duka. Nilizishonea humo ili ziwe salama."

"Humo, shingoni mwangu." Mama mkwe alilirudia jambo hilo taratibu. "Kumbe ulikuwa hunifuniki upepo. Ulikuwa unakagua sanduku."

Fundi alizikusanya noti kiganjani.

"Mimi nilidhani kodi umeshalipa," Komeo alisema.

"Mwaka jana nilikwambia iko kabatini."

Komeo akayaweka mabegi chini, kisha akayanyanyua tena, kama amesahau alitaka kufanya nini.

"Mrudishie," mama mkwe alisema.

"Mama, Jumatatu saa sita wanafunga duka."

"Kipochi, nimesema. Pesa zako kaa nazo. Kipochi nilimpa mimi."

Fundi aliketi kwenye godoro lililovuliwa shuka. Msichana akampa kile kifurushi cha sindano na uzi kinachowekwa bafuni kwa wageni. Alianza kushona bitana, watu watatu wamesimama juu yake. Aliwaza kuacha noti moja ndani. Kisha akaliona kufuli, na mwenye nyumba akihesabu kumi na moja. Hakuiacha. Mshono ulikwenda upande, akauona unakwenda upande, na hakufumua.

"Nendeni, mtaachwa," msichana alisema alipokipokea. Alirudisha funguo ndani na kukiweka mfukoni mwa aproni, si shingoni.

Njiani kurudi nyumbani binti peke yake alizungumza, akionyesha picha zake sita.

Jumatatu saa tano na nusu Fundi alilipa. Mwenye nyumba alihesabu mara mbili, akaandika risiti, akaondoka na kufuli lake mfukoni. Jioni Fundi aliiweka risiti katikati ya meza ya chakula, mahali pa kila mtu kuiona. Komeo aliisoma mpaka chini, akaweka kando yake pesa iliyorudishwa kutoka kwenye kadi, sarafu tatu. "Namba yako ya siri ya simu," alisema bila kuinua macho, "kaibadilishe. Sitauliza."

Mama mkwe alikula, akaenda kulala mapema. Ilichukua siku tisa kabla hajaja dukani. Alikaa kwenye benchi la wateja, si kwenye kiti cha ndani alichozoea.

"Nishonee kipochi kingine," alisema.

"Sawa, mama. Cha rangi gani?"

"Rangi yoyote. Kisiwe na bitana."

Fundi alikata kitambaa na kukishona pale pale, kingo zikabaki wazi ndani, nyuzi zinaning'inia kama kazi ya mwanafunzi. Mama mkwe alikipokea, akakipindua nje ndani. Akapitisha kidole gumba kwenye kila mshono, polepole, mpaka akarudi pale alipoanzia. Ndipo akatia pesa yake.