Mchanga wa Oili Chafu

Fundi mmoja wa magari hapa Igoma, oili chafu ikimwagika, huifunika kwa mchanga na kuusambaza kwa mguu. Juzi nilipita karibu na gereji yake, harufu ile ikanishika nikasimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akaniomba nimpishe. Msinicheke. Hiyo ndiyo harufu ya baba yangu.

Baba aliwabebea wazungu mifuko ya fimbo za gofu kwa miaka kumi na minne. Uwanja wetu haukuwa na nyasi laini kwenye mashimo. Kila shimo lilikaa katikati ya duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, ili upepo wa ziwani usiupeperushe. Ukimaliza shimo, ulikokota gunia lililofungwa kwenye ubao, ukazunguka duara zima mpaka nyayo zote zifutike, ndipo ukaondoka. Baba alirudi nyumbani akinuka hivyo, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na mama alimkanda kwa maji ya moto.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mzungu aliyesimamia uwanja akawa anarudi kwao. Kazi yake ikabaki kugombewa na wabebaji wawili wa siku nyingi, baba na mwenzake Faraji. Ikaamuliwa washindane mashimo tisa, mwenye kuingiza mpira kwa mapigo machache aichukue. Wengine waliona cheo. Sisi tuliona bega la baba likipumzika.

Jumapili hiyo mimi na mama tuliruhusiwa kufuata kwa mbali. Nilikuwa na miaka minane.

Mashimo mawili walikwenda sawa. La tatu, mpira wa baba uligonga jabali ukarudi nyuma yake. Akapiga tena, jabali tena. Alimaliza kwa mapigo tisa, Faraji kwa manne. Watu walicheka, mama akashika kiuno. Baba akachukua gunia na kuanza kuzunguka polepole, kama mtu anayefagia uwanja wake wageni wakiwa njiani. Nilimkimbilia nikamuuliza tutafanyaje sasa. Alinijibu bila kuinua kichwa.

"Kabula, shimo hili nimeshalifuta. Twende la nne."

Basi mimi nikaamini kwamba yale mapigo tisa yamefutika kweli. Nilirudi kwa mama nikamtuliza, nikamwambia asihangaike, baba ameyafuta. Mama alinishika mkono tukaendelea kufuata. Kwa hesabu yangu, kuanzia hapo baba alikuwa anamshinda Faraji vibaya sana.

Na kweli alicheza. Hakuharakisha, hakununa, hakulitazama tena lile jabali. Alipunguza pigo moja hapa, jingine pale, na kila shimo lilipokwisha alikokota gunia lake kwa mwendo ule ule, alipofanya vizuri na alipoharibu. Walipofika la tisa alikuwa nyuma kwa pigo moja tu. Pigo ambalo lingemsawazisha na Faraji lilikwenda limenyooka, mpira ukasimama ukingoni mwa shimo, ukagoma.

Karani aliyeandika mapigo alisoma hesabu: Faraji ameshinda. Nikapaza sauti kwamba yale tisa yalikwisha kufutwa. Watu wakacheka tena, isipokuwa Faraji. Yeye alimshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia, "Pole, ndugu yangu."

Baba akachukua gunia. Alizunguka duara mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, wakati mchanga ulikuwa umelainika tangu mzunguko wa kwanza. Miguu iliniuma, nikamlalamikia mama tuondoke.

"Mwache," alisema. "Hajamaliza."

Kesho yake baba alibeba mifuko kama kawaida, na aliendelea kuibeba mpaka bega lilipokataa kabisa. Faraji ndiye aliyekuwa akimpa zamu nyepesi.

Sasa na mimi nimechoka. Nimezika mume, nimezika mtoto, na ndiyo kwanza nalielewa lile gunia. Baba alijipa muda wa duara moja wa kuumia. Mchanga ukilainika, anakwenda shimo linalofuata. Lakini baada ya la tisa hapakuwa na shimo jingine la kwenda. Palikuwa na sisi wawili tumesimama pembeni, naye alizunguka akitugeuzia mgongo mpaka uso wake uwe tayari.

Alipotugeukia alikuwa anatabasamu, na mimi nikajua ameshinda.